Uzi: Ekseli na breki za hotrodi ya Model A 1930, nikagulieni hesabu zangu kabla sijachomelea

#1 MwanaPangani (mwanzisha uzi)
Columbus, Ohio

Wakuu, salaam.

Kwa asiyeijua hotrodi: ni gari la kale la Marekani, mara nyingi Ford ya kati ya 1928 na 1934, lililovuliwa madigadi na kila uzito usio na kazi, likafungwa injini kubwa kuliko ile lililotoka nayo kiwandani. Vijana wa California ndio walioanza, wakishindana mbio kwenye maziwa makavu kama Muroc kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mpaka leo watu huku wanayajenga nyuma ya nyumba zao. Mimi natokea Tanga, kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na huu mwaka wa pili jioni zangu zote zinaishia bandani kwenye gari hili.

Nilichonacho ni chesisi ya asili ya Model A ya 1930, mbavu zake nimeziziba kwa bamba la chuma zikawa boksi. Bodi ni ya aina ya coupe, milango miwili. Injini ni Ford 302 (V8 ya inchi za ujazo 302) yenye kamshafti, ile shafti ya kufungua vali, kali kidogo, gia boksi ni AOD, ile ya otomatiki ambayo gia ya nne inapunguza mizunguko hadi 0.67. Mbele nimeshanunua ekseli ya boriti yenye umbo la I, iliyokunjwa kushuka inchi 4, na springi moja ya kukingama kama ya asili. Gari zima nalitegemea lisizidi kilo 1,100. Madigadi sifungi.

Nilipokwama ni difu (ekseli ya nyuma na gia zake) na breki. Difu ya asili haitaivumilia 302, na breki za Model A ni za fimbo, hazina mafuta hata tone. Ford alichelewa sana kwenye hilo, breki za mafuta kaziweka kwenye magari ya 1939. Skrepa za huku nimepata difu tatu: ya inchi 8 kutoka Ford Maverick, ya inchi 8.8 kutoka Ford Explorer ya 1998 ikiwa na breki za diski, na ya inchi 9 ambayo mwenyewe anataka hela nyingi kweli.

Kila ninayemuuliza ananitajia difu aliyofunga yeye. Mimi naomba sababu. Nawasilisha.

#2 Kijana_wa_Ufundi
Morogoro

Nimekaa mbele kabisa mkuu. Nipo mwaka wa pili chuoni, magari. Hizo inchi 8 na 9 zinapimwa wapi? Na picha tafadhali.

#3 FundiDifu
Ilala, Dar

Dogo, hizo inchi ni upana wa krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu. Krauni ikiwa kubwa, meno yake ni manene zaidi na linabeba nguvu zaidi.

MwanaPangani, hongera sana kwa kazi. Lakini kabla ya difu nijibu hili: rimu na tairi za nyuma unazo? Maana nimeona watu, hata hapa kwetu wanaojenga magari ya mashindano, wananunua difu kwanza, halafu tairi inakula bodi au inachomoza nje kama masikio. Wanaanza kutafuta rimu za ajabu za kufukia kosa.

Fanya hivi. Pandisha gari kwenye stendi kwa kimo kilekile litakachotembea nacho. Funga tairi kwenye rimu, zisogeze chini ya bodi mahali zinapokupendeza, acha nafasi ya vidole vitatu kutoka kwenye bodi maana springi ikicheza ekseli inaenda pembeni pia. Halafu pima kutoka uso wa rimu unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), upande huu, mpaka uso wa upande wa pili. Namba hiyo ndiyo upana wa difu yako. Ukiwa nayo, njoo tuchague.

Na idadi ya studi (bolti za kufungia gurudumu) na upana wa duara lake uandike. Tairi ya akiba moja iingie pande zote nne.

#4 MwanaPangani

Nimepima leo asubuhi, nikarudia mchana. Rimu za nyuma ni inchi 15 kwa upana 7, tairi kimo chake inchi 28. Uso kwa uso imekuja inchi 56 na nusu, sentimita 143.5.

Maverick ya inchi 8 ni inchi 56 na nusu kamili. Explorer ni 59 na nusu, imezidi inchi 3.

Studi: Maverick na Explorer zote ni tano kwenye duara la inchi 4 na nusu. Habu za mbele za Ford za zamani ni tano kwenye inchi 5 na nusu, hazilingani.

#5 FundiDifu

Inchi 4 na nusu ni milimita 114.3. Ni ile ile ya Toyota Mark II iliyojaa hapa mjini! Umenifurahisha. Ukinunua habu na diski za mbele, agiza zilizotobolewa 114.3, usikubali za Chevrolet ambazo ni 120.65. Tofauti ni ndogo, mtu analazimisha nati zinaingia, halafu studi zinakatika barabarani.

#6 MzeeWaKisauni
Detroit, zamani Mombasa

Salaam aleikum wanangu. Nimekuwa Michigan tangu 1979 na nimejenga mbili, moja ya 1932 na moja ya 1934. Nawaambia nilichokiona kwa mikono yangu.

Gari la namna hii halina madigadi. Kila kilicho nyuma ya rimu kinaonekana na mpita njia. Diski ya kisasa na kalipa yake (kile kifaa kinachobana pedi) kwenye ekseli ya I ya kizamani inaumiza jicho. Mimi mbele nilifunga dramu za pikapu ya Ford F-1, za inchi 11, aina ya Bendix. Zile breki shuu mbili zimeungana chini: gari likienda mbele, ya kwanza ikishikwa na dramu inaisukuma ya pili, kwa hivyo breki inajisaidia yenyewe. Hata busta, kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu, hutaki. Usichukue zile za Ford za 1939 hadi 1948, zina mafuta lakini kila shuu inakaa peke yake kwenye pini yake, na kuzirekebisha ni kazi ya kila msimu. Wenye pesa hutafuta za Lincoln za 1939 hadi 1941, Bendix ya inchi 12, lakini bei yake sasa ni ya kutisha.

Kwa kilo 1,100, Bendix nzuri zilizochongwa duara sawasawa zinatosha. Nimesafiri nazo hadi Ohio na kurudi.

#7 BintiMakanika
Nairobi, nimesomea uhandisi wa mitambo

Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu Bendix, na kwa macho sina la kubishana. Ila kujisaidia kwenyewe kuna upande wake wa pili: dramu ya kushoto ikipata maji au vumbi na ya kulia ikiwa kavu, tofauti inakuzwa pia, na gari linavuta upande mmoja. Na ukishuka mteremko mrefu dramu inapata joto, inapanuka, pedeli inazama. Diski ikipata joto inanenepa kuelekea kwenye pedi.

MwanaPangani, mimi swali langu ni la mguu wako. Hujataja pedeli wala masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki). Diski hazijisaidii, nguvu yote inatoka mguuni. Una busta?

#8 MwanaPangani

Shikamoo Mzee Kisauni. Picha ya hiyo 1932 tunaiomba.

Dada, busta sina. Masta inakaa chini ya sakafu kama Ford za zamani, nafasi ni finyu, na kamshafti yangu haivuti upepo wa kutosha kuliendesha busta injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Pedeli niliinunua ikiwa imeshafungwa na masta yake, muuzaji akanihakikishia inafaa kwa diski nne. Nimepima sasa hivi: kutoka pini ya juu hadi katikati ya mahali pa mguu ni sentimita 28, kutoka pini hadi fimbo ya masta ni sentimita 7. Masta ni ya inchi 1 na moja ya nane.

#9 BintiMakanika

Asante kwa vipimo. Usiifunge hiyo.

28 kwa 7 ni 4. Yaani mguu ukisukuma kilo 30, masta inasukumwa kwa kilo 120. Pistoni ya inchi 1 na moja ya nane ina eneo la sentimita 6.41 za mraba, kwa hiyo presha kwenye paipu ni kilo 18.7 kwa kila sentimita ya mraba. Pedeli hiyo imetoka kwenye gari lenye busta, na bila busta utakanyaga mpaka goti litetemeke na gari litazidi kwenda.

Toboa tundu jipya la fimbo sentimita 4.7 kutoka kwenye pini. Sasa 28 kwa 4.7 ni karibu 6, na kilo zako 30 zinakuwa 180. Halafu badilisha masta:

Ya inchi 1, eneo 5.07, presha 35.5.
Ya inchi saba za nane, eneo 3.88, presha 46.4.

Mguu ni uleule, breki imekaribia mara mbili kwa ile ya kwanza, na mara mbili na nusu kwa ya pili. Ningeenda na ndogo.

#10 FundiDifu

Dada umepiga hesabu safi, lakini masta ndogo inasukuma mafuta kidogo pia. Pedeli ikitembea sentimita 15 kwa uwiano wa 6, masta inaingia sentimita 2 na nusu tu. Kalipa zake za mbele zinahitaji ujazo gani?

#11 MzeeWaKisauni

Hapo fundi ameshika pabaya. Vifaa vingi vya diski vya kufunga kwenye Ford za zamani huja na kalipa za GM (General Motors) za kuanzia 1978, zile ndogo. Za asili zilitengenezwa ili pedi irudi nyuma zaidi isiburuze, kupunguza matumizi ya petroli, na masta yake ilikuwa ya hatua mbili ya kujaza nafasi hiyo upesi. Ukizifunga na masta ya kawaida, pedeli inaenda karibu na sakafu kabla ya kushika. Zipo mpya za umbo lilelile zisizorudi nyuma namna hiyo. Mwanangu, hakikisha unazipata hizo.

#12 BintiMakanika

Mzee, hilo la pedi kurudi nyuma sikulihesabu. Basi anza na masta ya inchi 1, yenye vyumba viwili. Vyumba viwili si anasa: Marekani ilianza kulazimisha kwa magari mapya mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu paipu moja ikipasuka kwenye masta ya chumba kimoja, breki zote nne zinaondoka pamoja.

Na kwa kuwa masta iko chini kuliko kalipa, mafuta yatakuwa yanarudi kwenye kikopo kila ukiachia. Weka vali ya kubakiza presha kwenye kila mkondo. Ya diski ni psi 2 (paundi kwa inchi ya mraba). Ya dramu ni psi 10 kwa sababu springi za breki shuu zinavuta kwa nguvu. Usibadilishane hizo mbili! Psi 10 kwenye diski, pedi haziachii na diski itaiva.

#13 MwanaPangani

Nimetulia na uzi huu usiku mzima. Nirudi kwenye difu, maana nimepiga hesabu ya mizunguko pia.

Tairi ya inchi 28 mzingo wake ni mita 2.23. Kwa kilomita 105 kwa saa inazunguka mara 785 kwa dakika. Difu ya Maverick ni ya 3.00 (shafti ya kutoka gia boksi inazunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi): injini, kwenye gia ya nne ya 0.67, ingekuwa 1,578. Kamshafti yangu hapo itakuwa inakohoa. Explorer ni ya 3.73, inakuja 1,962. Hapo injini inapumua.

Kwa hiyo Maverick upana sawa, meno hapana. Explorer meno sawa, diski zipo, handbreki ipo (ni dramu ndogo ndani ya diski yenyewe), bei nusu ya ile ya inchi 9, ila pana inchi 3.

Kuhusu kuifupisha difu: kwenye Explorer paipu ya ekseli ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia kwa karibu inchi 3. Ukiikata ya kushoto ilingane, unanunua hafushafti (shafti ya ndani ya paipu inayozungusha gurudumu) ya kulia kutoka Explorer nyingine, unaitumia pande zote mbili. Hakuna kuchonga hafushafti. Pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, nayo inarudi karibu na katikati.

Kinachonipa wasiwasi ni hafushafti zake kushikwa na vibanio vya C ndani ya difu.

#14 FundiDifu

Wasiwasi wako ni wa kweli, na mdogo aelewe. Kwenye inchi 8 na 9, hafushafti inashikwa nje kabisa na bamba la beringi lenye bolti nne. Ikikatika ndani, gurudumu linabaki mahali pake. Kwenye 8.8 kinachoizuia isitoke ni kibanio kidogo umbo la herufi C kilichokaa kwenye mfereji ndani ya difu. Hafushafti ikikatika, gurudumu linaweza kutoka nje pamoja na kipande chake.

Lakini tupime na gari. Hafushafti za Explorer ni nene, meno 31, zilibeba gari la karibu tani mbili. Wewe una tani moja na ushei, na tairi za kawaida za barabarani ambazo zitateleza kabla chuma hakijakatika. Diski na kalipa nazo zinasaidia kuzuia. Kwa barabara ningefunga. Kwa mashindano ya kuondoka kwa kishindo na tairi za kunata, ningelipa ya inchi 9.

Sasa nyie wachomeleaji: paipu za 8.8 zimeshindiliwa kwenye chuma cha kusubu na kubanwa kwa vidoti vya weldi tu. Zikibebeshwa zinaweza kuzunguka. Unajua utakachofanya.

#15 MwanaPangani

Najua. Chuma cha kusubu kinapashwa moto kwanza, elektrodi ya nikeli, vipande vifupi kwa zamu pande zote, kisha nakifunika kipoe taratibu usiku mzima. Na kabla ya kukata napitisha fimbo iliyonyooka ndani kutoka beringi hadi beringi, maana paipu ikipinda hata kidogo sili zitavuja na beringi zitalia. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

#16 Kijana_wa_Ufundi

Wakuu, samahani, swali la pembeni. Nimeona picha za ekseli za mbele za bomba la duara, ni nyepesi na zinang'aa. Kwa nini I?

#17 MzeeWaKisauni

Swali zuri, mwanangu, wala si la pembeni.

Gari likipanda tuta kwa gurudumu moja, upande huo wa ekseli unapanda, wa pili unabaki. Kama fimbo za kuivuta ekseli ni zile pacha zenye umbo la pini ya nywele, kila moja inataka kuigeuza ekseli pembe tofauti. Ekseli ya I inakubali kujinyonga kidogo. Bomba halijinyongi kabisa, likifungwa fimbo za namna hiyo kitu kingine lazima kikubali, na mara nyingi ni mabano kwenye chesisi, yanapasuka polepole bila kukuambia. Mwenye bomba afunge fimbo nne sambamba. Mwenye I ana uhuru zaidi.

MwanaPangani, kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zilale nyuma digrii 5 hadi 7, usukani utarudi wenyewe na gari halitatangatanga.

#18 MwanaPangani

Wiki tisa baadaye, wakuu.

Difu ya Explorer imeingia, inchi 56 na nusu kamili. Mbele diski za inchi 11 zilizotobolewa 114.3, kalipa za aina aliyosema mzee. Pedeli nimetoboa tundu jipya, masta ya inchi 1 vyumba viwili. Paipu ni inchi tatu za kumi na sita, za kupanikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli), midomo nimeipanua mara mbili yote, hakuna kiungo cha kubana hata kimoja. Vali za psi 2 mbele na nyuma. Mkondo wa nyuma una vali ya kugawa presha ya kuzungusha kwa mkono.

Breki fluidi ni DOT 4. Nilivutwa na DOT 5 ya silikoni kwa sababu haili rangi, lakini haichanganyiki na nyingine, na nikiishiwa safarini sitaipata dukani kirahisi.

Kutoa upepo kulinichosha. Siku ya kwanza pedeli ilikuwa laini kama andazi, nikarudia mara nne. Kumbe kalipa za mbele nimezifunga kila moja upande usio wake, matundu ya kutolea upepo yakawa chini na hewa imekaa juu inanitazama. Nimebadilishana kushoto na kulia, pedeli ikakaza saa ileile.

Jumapili kiwanja cha maegesho kilikuwa kitupu na kimelowa. Kwa kilomita 40 kwa saa nilikanyaga kwa nguvu: tairi za nyuma zikashika kwanza na mkia ukataka kunipita. Nikapunguza vali ya nyuma mizunguko miwili, nikarudia, bado. Mzunguko mmoja zaidi. Sasa mbele zinashika kidogo kabla ya nyuma, na gari linasimama limenyooka. Nilikaa mle ndani nimezima injini, mikono inatetemeka kwa furaha.

#19 BintiMakanika

Hongera mno! Rudia jaribio hilo barabara ikiwa kavu. Kwenye lami kavu uzito mwingi zaidi unahamia mbele unapokanyaga, nyuma zinabaki nyepesi kuliko ulivyoona Jumapili, na huenda ukahitaji kupunguza tena. Halafu geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili ukiangalia paipu za mpira za mbele, gari likiwa chini na likiwa limepandishwa jeki. Zisiguse tairi wala zisivutike.

#20 MwanaPangani

Nimeangalia. Ya kulia ilikuwa inagusa rimu usukani ukiisha kushoto. Nimehamisha bano lake sentimita 3 juu, sasa ipo huru.

#21 MzeeWaKisauni

Mashallah. Baada ya maili hamsini za mwanzo, kaza tena nati za magurudumu na zile bolti za U zinazoshika springi ya mbele. Chuma kipya hukaa.

#22 MwanaPangani

Marahaba... samahani mzee, shikamoo! Furaha imenipita. Nimefika maili 61 jana. Nati za magurudumu zote zilikuwa sawa. Bolti za U zimekubali robo mzunguko kila moja.